Kabla na Baada ya Kimbunga: Mwongozo wa Kuiandaa Shehia na Kufuatilia Msaada, Unguja na Pemba

Mjomba wangu, mkulima wa upande wa Micheweni, aliezuliwa nyumba na upepo wa masika usiku mmoja, yeye na majirani zake wanane. Orodha ya walioathirika ilipopelekwa mbele, wale wanane walipata mabati na mbao baada ya wiki chache, naye akasubiri hadi masika ya mwaka uliofuata. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Nyumba ilikuwa ikijulikana kwa jina la babu yetu, ambaye alikwishafariki. Kitambulisho cha mjomba kilisoma shehia nyingine alikowahi kuishi. Na picha ya nyumba ilipokuwa nzima haikuwapo. Mkaguzi alipofika, watoto walikwishakusanya mbao zilizosalia na kuzipanga pembeni, kwa hiyo alichokiona ni banda lililochakaa, wala si nyumba iliyoangushwa juzi.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na daftari na kalamu, halafu ndipo unafika kwenye misumari na mabati. Umeandikwa kwa ajili ya masheha, wajumbe wa kamati za maafa za shehia, wenye nyumba, wenye vyombo vya bahari na wenye mikarafuu, kwa mpangilio wa kazi zinavyopaswa kufuatana katika mwaka.

Ujue kwanza ni upepo gani

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba vimbunga ni vya Madagaska na Msumbiji. Imani hiyo ina msingi wake: kimbunga huhitaji nguvu ya mzunguko wa dunia ili kijisokote, na nguvu hiyo ni hafifu karibu na ikweta, nasi tupo kwenye nyuzi tano hadi sita na nusu tu kusini mwake. Lakini nadra si muhali. Tarehe 15 Aprili 1872, katika enzi ya Seyyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja merikebu bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoshika uongozi wa karafuu. Mwenye shamba la mikarafuu leo Wete au Mkoani anakula, kwa namna fulani, matunda ya upepo ule.

Ziangalie tarehe nyingine. Kimbunga cha Lindi kilipiga Aprili 1952. Kenneth kiliingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019. Jobo kilielekea pwani ya Tanzania mwishoni mwa Aprili 2021 na kudhoofika kabla ya kufika. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na safari za boti baina ya Unguja na Dar es Salaam zikasitishwa. Msimu wa vimbunga wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia Novemba hadi mwisho wa Aprili, ila vile vilivyotusogelea sisi vimekuja mwishoni mwake au hata baada yake, kaskazi inapokwisha na kusi haijashika, wakati wa maleleji, na mvua za masika zikiwa zimekwishalowesha udongo na kulegeza mizizi. Kwa hiyo kalenda ya shehia iwekwe hivi: kila kazi ya matayarisho iliyomo humu iwe imekamilika kabla ya Machi kuisha, na ulinzi usilegezwe mpaka Mei imalizike.

Jambo jingine la kujua ni upande. Vimbunga vya kusini mwa ikweta huzunguka kama mishale ya saa. Kikipita kusini yetu, kama walivyopita Kenneth na Hidaya, upepo hutujia kwanza kutoka kusini-magharibi, kisha magharibi, kisha kaskazini-magharibi. Huo ndio upande wa Malindi, Forodhani na madiko yote yanayotazama Bara, ambayo kwa siku za kawaida tunayahesabu kuwa ndiyo yenye kinga. Nahodha anayekimbizia chombo magharibi kwa mazoea ya kujificha na bahari kuu anaweza kukipeleka palepale upepo unapokuja.

Nani anahusika na nini

Utabiri na tahadhari hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania peke yake. Uratibu wa maafa Zanzibar ni wa Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, iliyowekwa na Sheria Namba 1 ya mwaka 2015, nayo hufanya kazi kupitia kamati za mkoa, wilaya na shehia. Uokozi baharini mara nyingi hufanywa na KMKM, kikosi cha ulinzi wa bahari cha Zanzibar, nchi kavu na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, na vyombo vya abiria husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini. Msalaba Mwekundu wana watu wa kujitolea katika visiwa vyote viwili. Mkaazi wa kijijini hahitaji kuwajua wote hao. Mlango wake ni sheha, na kamati ya shehia ikilala, milango mingine yote inakuwa mbali.

Hatua ya kwanza: daftari la shehia

Daftari gumu, lenye kurasa zilizotiwa namba, liandikwe kaya kwa kaya. Kila kaya ipewe ukurasa wake: jina la mkuu wa kaya na la mwenzi wake kama yalivyo kwenye kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, idadi ya watu na umri wao, aina ya ukuta, aina ya paa, kisima au bomba wanalotumia, chombo cha bahari, wanyama, na miti ya biashara. Nasisitiza majina ya wote wawili, mume na mke, kwa kuwa nimeona mara nyingi mume akiwa safarini au dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, wakati wa ukaguzi, na mke akiambiwa asubiri mwenye nyumba arudi. Mwanamume mwenye wake wawili katika nyumba mbili ana kaya mbili, na kurasa zake ni mbili. Mpangaji naye ana ukurasa wake: nyumba si yake, lakini godoro, cherehani na chakula kilicholowa ni vyake.

Suala la umiliki lataka uangalifu zaidi. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1992, ardhi ni mali ya umma chini ya Serikali na mtu hupewa haki ya kuitumia, lakini nyumba nyingi za mashamba zimejengwa kwenye viwanja vya urithi au vya eka tatu zilizogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi, bila ya hati mkononi. Tena kwetu miti inaweza kuwa na mwenyewe na shamba likawa la mtu mwingine. Mambo haya yanaeleweka vizuri barazani, ila mkaguzi kutoka mjini hayaoni. Basi kamati iandike mbele ya mashahidi wawili wasio ndugu: nyumba hii anaishi fulani tangu mwaka fulani, kwa urithi wa fulani, mikarafuu kadhaa iliyomo ni ya fulani. Mwenye karafuu atunze na risiti zake za kuuzia ZSTC, shirika la biashara la Serikali, kwani zinaonesha mavuno ya miaka iliyopita kuliko maneno yoyote.

Msomaji asidhani kwamba tatizo hili ni la nchi maskini pekee. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico, iliyo chini ya Marekani, tarehe 20 Septemba 2017, maelfu ya familia zilinyimwa msaada wa matengenezo na shirika la serikali kuu la maafa, FEMA, kwa kuwa nyumba zao zilirithiwa bila ya hati zinazosomeka kwa majina yao. Mwaka 2021 ndipo shirika hilo lilipolegeza masharti yake na kukubali aina nyingine za ushahidi. Miaka minne ni muda mrefu kulala chini ya turubali, na serikali yenye fedha nyingi kuliko zote duniani haikuweza kuufupisha kwa sababu swali la "nyumba hii ni ya nani" halikuwa limejibiwa mapema.

Daftari likishaandikwa, wajumbe wawili wapite na simu wapige picha kila nyumba: mbele, nyuma, paa, na moja ya ndani, mwenye nyumba akiwa amesimama mlangoni. Picha zihifadhiwe kwenye simu mbili za watu wawili tofauti, na nakala ipelekwe wilayani. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, karatasi za mirathi na kadi za kliniki vitiwe kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa barabara, na mfuko huo kila mtu wa nyumbani ajue ulipo.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ni wa wale wasioweza kukimbia wenyewe: wajawazito waliokaribia, wagonjwa wa kitandani, watu wenye ulemavu, wazee wanaoishi peke yao. Sheha hana haja ya kuanza upya hapa. Tangu mwaka 2016 wazee wa miaka 70 na zaidi wanalipwa Pensheni Jamii, kwa hiyo majina yao yanajulikana. Linalokosekana ni kuandika mbele ya kila jina ni kijana gani atakayempeleka, kwa njia gani, na akiwa hayupo nani atashika nafasi yake. Jina la mzee bila ya jina la mchukuzi wake halina faida.

Hatua ya pili: paa

Upepo mkali hausukumi paa tu, huliinua. Hewa inayopita kasi juu ya mabati huyavuta kuelekea mbinguni, na ile iliyoingia kwa dirisha lililovunjika huyasukuma kutoka chini. Nguvu mbili hizi zikikutana, paa huondoka zima, na ukuta uliokuwa ukishikwa nalo huanguka baadaye. Ukilielewa hili utajua kwa nini mawe juu ya bati hayasaidii kitu, na zaidi ya hapo hugeuka kuwa makombora.

Anzeni na umbo. Paa la vipaa viwili na visusi viwili, yaani lenye miteremko minne, hustahimili kuliko lile la miteremko miwili lenye kuta za pembetatu pande mbili, na wazee waliolijenga hivyo kwa makuti walikuwa na akili ambayo sisi tumeiacha kwa kupunguza gharama. Mteremko uwe wa nyuzi 30 hadi 45. Paa lililolala huvutwa zaidi. Upenu usizidi nusu mita nje ya ukuta, na paa la baraza lijengwe mbali na paa la nyumba, kila moja likiwa na mbao zake, ili baraza likienda lisiondoke na nyumba.

Kisha maungio. Nyumba ya matofali ifungwe mkanda wa zege juu ya kuta zote, na nondo zichomoze humo kushika mbao ya juu ya ukuta. Kila kombamoyo au mguu wa kenchi ufungwe kwenye mbao hiyo kwa ukanda wa chuma au waya mnene uliozungushwa mara kadhaa, wala usitegemee msumari uliopigwa wima, ambao hutoka kwa njia ileile ulioingilia. Papi zisiachane zaidi ya sentimita 90, na kwenye kingo zikaribiane zaidi. Mabati ya geji 28 ni mazito kuliko ya geji 30, na kwa nyumba zilizo wazi kwa bahari tofauti ya bei inafaa kulipwa. Kati ya paa, pigeni msumari wenye kofia au skrubu yenye mpira kwenye kila mgongo wa pili wa bati. Kwenye kingo zote, juu kwenye mgongo wa paa na chini kwenye mchirizi, pigeni kila mgongo, kwa maana bati huanza kufunuka pembeni. Fundi wengi hufanya kinyume: hujaza misumari katikati wanapofika kwa urahisi na kuihurumia pembeni wanapoogopa kuanguka.

Nyumba ya miti na udongo nayo ina dawa yake. Boriti zizikwe chini vizuri, zikaguliwe mchwa kila mwaka, na pembe za ukuta zitiwe miti ya mshazari ili nyumba isilale upande. Makuti ya viungo yanaweza kufunikwa na wavu wa zamani wa kuvulia uliofungwa kwenye boriti za ukuta. Ni jambo rahisi, na nyavu zilizochakaa zimejaa katika kila diko.

Kazi ya Januari na Februari basi ni kupanda juu na kutazama. Chumvi ya bahari hula misumari kimyakimya, na paa lililopigwa vizuri miaka kumi iliyopita linaweza kuwa limeshikwa na kutu tu. Msumari unaotikisika kwa kidole utolewe. Minazi iliyoegemea nyumba ipunguzwe makuti na nazi, au ikatwe kwa makubaliano na mwenyewe kabla ya masika, maana ugomvi wa mnazi hauamuliki usiku wa tufani.

Hatua ya tatu: kimbilio, maji na diko

Skuli na misikiti ndiyo makimbilio tunayoyafikiria kwanza, na si kila moja linafaa. Ukumbi mpana wenye paa jepesi na madirisha mengi ni hatari kuliko chumba kidogo chenye mkanda na dari ya zege. Kamati imwombe mhandisi wa wilaya akague jengo linalokusudiwa, ihesabu vyoo, ijue funguo ziko kwa nani usiku, na itenge chumba cha wanawake na watoto. Jengo lililo bondeni liondolewe kwenye orodha hata likiwa imara. Watu wa Mwanakwerekwe wanajua maji ya masika yanavyojaa bila ya kimbunga.

Kuhusu maji, kumbukeni giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika na Unguja ikakaa miezi mitatu bila ya umeme wa gridi. Pampu zilisimama, na watu wakarejea kwenye ndoo na visima. Kila kaya iwe na madumu yenye vifuniko ya kutosha siku tatu, lita tatu za kunywa kwa kila mtu kwa siku na nyingine za kupikia na kutawadhia. Visima vya zamani visafishwe, vijengewe ukingo wa juu, na viwe na mifuniko. Kisima kilichoingiwa na maji ya bahari kisivutwe kwa pampu kubwa kwa haraka, kwani kwa kukivuta hivyo chumvi huzidi kuja kutoka chini.

Bwana diko awe na orodha yake ya vyombo, wamiliki na manahodha, na namba za simu za waliokwenda dago. Mikoko iliyo mbele ya vijiji isikatwe. Hupunguza nguvu ya mawimbi, nayo Kisiwa Panza, ambako bahari imeyala mashamba, wananchi wamekuwa wakiipanda upya.

Hatua ya nne: tahadhari inapotolewa

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia ngazi tatu: angalizo, lenye rangi ya njano, tahadhari, yenye rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa, nyekundu. Shehia ikubaliane mapema kila ngazi inaamrisha nini, ili siku hiyo kusiwe na mjadala. Kwa angalizo, vyombo vya mbali huitwa virudi, madumu hujazwa, simu na taa huchajiwa, na wachukuzi wa wazee hujulishwa kuwa wamo zamuni. Kwa tahadhari, hakuna chombo kinachotoka. Mashua na ngalawa huvutwa juu kupita alama ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi, na kulazwa. Mabati yaliyolegea, mapipa na mbao za uwanjani huingizwa ndani. Wazee na wagonjwa huhamishwa mchana, kukiwa bado kuna mwanga. Kwa tahadhari kubwa, wote walio bondeni, ufukweni na kwenye nyumba dhaifu wawe wamekwishafika kimbilioni.

Itazameni na kalenda ya mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na tofauti ya maji kujaa na kutoka kwetu hufika mita nne hivi. Kimbunga huinua bahari juu ya hapo. Hidaya kilifika tarehe 25 ya Mfunguo Mosi (Shawwal), siku za maji mafu, yaani maji madogo. Kingekuja siku tano baadaye, maji yaleyale ya kimbunga yangepanda juu ya bamvua. Anayeishi ufukweni asiulize tu upepo una kasi gani. Aulize pia maji yanajaa saa ngapi.

Habari ipelekwe kwa njia zaidi ya moja: redio na televisheni ya ZBC, vipaza sauti vya misikiti, na watu wa kupita nyumba kwa nyumba. Bangladesh, ambako kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu zaidi ya laki tatu, walianzisha miaka iliyofuata jeshi la watu wa kujitolea, ambao leo wanazidi 70,000, wanaopandisha bendera na kubisha hodi milangoni, na vifo vyao vimepungua sana tangu hapo ingawa vimbunga havikupungua. Bendera mbili za kitambaa chekundu kwenye mnara wa diko hazina gharama. Ujumbe wa simu usio na jina la mamlaka wala saa ya kutolewa usisambazwe, na mahali pasomwe kwa makini: katika habari za Kenneth mwaka 2019 jina la Pemba lilitajwa kila saa, nayo ilikuwa Pemba ya Msumbiji, makao makuu ya Cabo Delgado.

Upepo ukishaanza, kaeni chumba cha ndani, mbali na madirisha, na umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Ukitulia ghafla na nyota zikaonekana, msitoke. Hilo ni jicho la kimbunga, na upepo utarudi kutoka upande wa pili pengine kabla ya saa moja kupita.

Hatua ya tano: tathmini na ombi la msaada

Watu kwanza. Hesabu ya kaya ifanywe kwa daftari, waliojeruhiwa wapelekwe hospitali, waya zilizoanguka zisiguswe, bali shirika la umeme, ZECO, liarifiwe, jenereta isiwashwe ndani ya nyumba, na maji ya kunywa yachemshwe, kwani kipindupindu hupenda siku kama hizo. Dharura ya polisi ni 112.

Kisha, kabla mtu hajaanza kufagia, apige picha. Si lazima mbao ziachwe mvuani kumsubiri mkaguzi. Piga picha ya nyumba kutoka pembe zilezile za picha ya zamani, ndipo uokoe unachoweza. Kamati igawanye nyumba katika mafungu manne: iliyoanguka, iliyoezuliwa na kuta zimesimama, iliyopungukiwa sehemu ya paa, na iliyoingia maji tu. Kila nyumba ikaguliwe na wajumbe wawili, mmoja wao mwanamke, wasio jamaa wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba atie saini au dole gumba palepale. Vyombo, nyavu, mwani, wanyama na mikarafuu viandikwe kurasa zao, kwa idadi, si kwa maneno kama "vingi" au "karibu vyote".

Orodha nzima isomwe hadharani, ibandikwe skulini na msikitini, na zitolewe siku mbili za pingamizi. Masheha wengine hulihofia jambo hili kwa kuogopa zogo. Zogo la siku mbili ni jepesi kuliko fitina ya miaka, na aliyeongeza jina la shemeji yake huliondoa mwenyewe akijua litasomwa mbele ya jirani. Baada ya hapo orodha ipelekwe wilayani kwa nakala tatu, na nakala inayobaki kwa sheha igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila ya muhuri huo, shehia haina cha kuonesha itakapoambiwa kuwa orodha haikufika.

Mwenye nyumba naye aandike barua yake fupi, ikiwa na maneno kama haya: "Mimi fulani, mwenye kitambulisho namba kadhaa, mkaazi wa shehia fulani, ukurasa wa kadhaa wa daftari la shehia, naarifu kuwa usiku wa tarehe fulani nyumba yangu yenye vyumba vitatu iliezuliwa yote na ukuta wa kaskazini ukaanguka. Tupo watu saba, wawili chini ya miaka mitano. Tumehifadhiwa kwa fulani. Naomba msaada wa mabati, mbao na misumari. Nimeambatanisha picha nne." Barua ya hasira inasomeka kwa shida, yenye namba hujibiwa.

Lieleweke pia kwamba msaada wa maafa si fidia. Serikali haikubomoa nyumba, na inachotoa ni cha kumnusuru mtu na kumwanzisha, mara nyingi kwa awamu: chakula, mablanketi na sabuni mwanzo, vifaa vya ujenzi baadaye. Aliye na chombo au jengo la biashara atafute bima kabla ya msimu. Kaya zilizomo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya masikini ziulize kama ajira za muda zinaweza kuelekezwa kwenye kusafisha mitaro na kurudisha barabara, lakini orodha ya TASAF isigeuzwe kuwa orodha ya maafa: upepo haukuchagua masikini peke yao, na mvuvi aliyepoteza mashua jana hakuwa masikini juzi. Kila kinachopokelewa, kiwe cha Serikali au cha mfadhili, kiandikwe kwenye ukurasa wa kaya ile ile, ili mmoja asipate mara tatu na mwingine akakosa.

Hatua ya sita: kurudisha

Haraka ya kuezeka upya ndiyo inayozaa msiba wa pili. Mabati yaliyookotwa yakapigwa kwenye matundu yaleyale kwa misumari ileile hayatavuka masika moja. Kamati iwakusanye mafundi wa shehia siku moja, nyumba moja, wakubaliane kwa vitendo jinsi kombamoyo linavyofungwa na kingo zinavyopigwa, na vifaa vya msaada vitolewe kwa sharti la kufuata namna hiyo. Wajane na wazee wajengewe kwanza kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea.

Mkarafuu ulioinama bila ya kung'oka unaweza kusimamishwa, kufukiwa mizizi na kuwekewa tegemeo katika siku za mwanzo. Uliong'oka ni kuni, na mpya huchukua miaka sita hadi minane kuanza kuzaa. Kwa hiyo miche iagizwe masika hayohayo, na katikati yake zipandwe muhogo, ndizi na mazao mengine ya muda mfupi, huku upande wa magharibi wa shamba ukiachiwa mstari wa miembe au miti mingine mirefu ya kuvunja upepo. Viazi na muhogo ulioingiwa na maji vivunwe upesi kabla havijaoza.

Nyumba ikikamilika, wajumbe warudi na simu yao. Wapige picha za maungio kabla dari haijayafunika, waandike idadi ya mabati yaliyopokelewa na yaliyotumika, na mwenye nyumba na mwenzi wake watie saini kwa majina yao wenyewe, yanayolingana na vitambulisho vyao na kusoma shehia wanayoishi. Picha hizo zinachukua mahali pa zile za zamani, ukurasa unatiwa tarehe, na daftari linarudi kabatini kwa sheha hadi ukaguzi wa Januari.